Seneta wa Ufaransa katika karne ya 19: nani aliyemchagua?

Chini ya katiba ya mwaka 1875, mwanamume wa kawaida nchini Ufaransa alimpigia kura mbunge wake, lakini seneta wake alichaguliwa na watu wengine. Katika mji mkuu wa kila mkoa walikutana wabunge wa huko, madiwani wa mkoa na wa wilaya, pamoja na mjumbe mmoja kutoka kila komuni, yaani mji au kijiji chenye baraza lake, aliyechaguliwa na baraza la madiwani wa hapo. Hao ndio waliopiga kura.

Mtego ulikuwa kwenye idadi ya wajumbe. Marseille ilitoa mjumbe mmoja, na kijiji cha familia arobaini nacho kikatoa mmoja. Komuni zilizidi 35,000, nyingi zikiwa vijiji, kwa hiyo wakulima waliifunika miji. Wapenda ufalme waliotunga utaratibu huu walitaka iwe hivyo: Seneti iwe breki ya kuwazuia wanajamhuri wa mijini. Gambetta, mwanajamhuri, aliona mbali zaidi yao. Aliiita Seneti Baraza Kuu la Komuni za Ufaransa.

Viti vilikuwa 300. Kati yake, 225 vilijazwa kwa njia hiyo, kila seneta akikaa miaka tisa, theluthi moja ikirudi uchaguzini kila miaka mitatu. Vilivyobaki 75 vilikuwa vya maisha, na Bunge la Taifa ndilo lililovijaza kwanza, Desemba 1875. Hapo wapenda ufalme walijiponza wenyewe: kundi moja, kwa chuki dhidi ya wenzao waliounga mkono ukoo wa kifalme wa Orléans, lilipatana na wanajamhuri, na wanajamhuri wakazoa viti vingi.

Hata hivyo, uchaguzi wa 30 Januari 1876 uliwaachia wahafidhina wingi mdogo, uliotosha kumsaidia Rais MacMahon kulivunja bunge mwaka uliofuata. Kilichowaangusha ni udiwani. Wanajamhuri walishinda mabaraza ya komuni Januari 1878. Mabaraza hayo yakatuma wajumbe wao, na Januari 1879 Seneti ikabadili mikono. MacMahon alijiuzulu mwezi huohuo.

Mwaka 1884 viti vya maisha vilikomeshwa, ingawa waliokuwa navyo waliachwa navyo hadi kufa. Komuni zikapewa wajumbe kulingana na ukubwa wa baraza, 1 hadi 24, na Paris 30. Vijiji bado vilipendelewa. Ufaransa ingali inawachagua maseneta wake kupitia madiwani, na Burundi nayo hufanya vivyo hivyo.