Eti maskini hawezi kulipia maji?

Kuna hii stori imezoeleka sana, eti watu wa mitaa ya mabanda hawana maji ya bomba kwa sababu hawawezi kulipa. Hata mimi niliiamini miaka mingi. Sasa hebu piga hesabu ya mtungi, ule wa njano wa lita 20 uliokuwa wa mafuta ya kupikia: tuseme unauziwa shilingi 10 pale Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, mitungi 50 ndio inatimiza lita 1,000, yaani yuniti moja ya mita ya maji, hiyo ni 500 tayari na bado hujamlipa wa mkokoteni, na bomba likikauka siku mbili hivi bei nayo inapanda. Ripoti ya 2006 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilisema watu wa mitaa duni ya Nairobi, Jakarta na Manila walikuwa wanalipa mara 5 hadi 10 zaidi kwa kila lita kuliko matajiri wa mji huohuo. Kwa hiyo pesa wanatoa, tena keshi, kila siku.

Kinachowafungia nje ni vingine kabisa. Ada ya kuunganishiwa inatakiwa kwa mkupuo, na mtu analipwa kibarua cha siku. Hati ya kiwanja hana, kapanga chumba. Halafu bei za kupanda kadiri unavyotumia, ziliwekwa kumsaidia maskini (nia nzuri kweli), lakini ploti ya vyumba 20 yenye mita moja inahesabiwa kama nyumba moja, basi inarushwa hadi bei ya mwenye bwawa la kuogelea.