Dada, Soli ya Mbele Usiiguse

Wiki iliyopita kaja mteja na raizoni, vile viatu vya soli nene na kisigino kirefu, za mama yake, za miaka ya sabini, ngozi bado inang'aa. "Fundi, nichongee huku mbele ipungue, kisigino kiache. Vinaniua miguu." Ni wa nne mwaka huu. Wa kwanza nilimweleza kwa upole, wa pili na wa tatu nikawachorea. Huyu nilimvutia kiti, na leo naandika, ili wa tano nimpe simu asome.

Tupige hesabu. Kisigino sentimita 11, soli ya mbele sentimita 4. Mguu wako hauna habari na 11 wala 4. Unachokihisi ni tofauti yake, 7. Huo ndio mteremko uliosimama juu yake. Nikichonga zote nne za mbele, unabaki na mteremko wa 11, uzito wote unashukia vidoleni. Umekuja na kiatu kinachouma, utaondoka na kiatu kinachotesa, na pesa nimeshakula. Soli nene si pambo, jamani. Ndiyo inayolipa deni la kisigino.

"Si ni mbwembwe za wanamuziki tu hizi?" akaniuliza. Hapo ndipo nilipoweka nyundo chini.

Nikamtajia Terry de Havilland, fundi viatu wa Kiingereza. Hakuwa anamjua. Mzaliwa wa London, 1938, jina la nyumbani Higgins. Hilo la de Havilland alijipachika, nalo ndilo jina la kampuni iliyounda zile ndege za Comet za East African Airways, wazee wa viwanja vya ndege watakumbuka. Watu humkumbuka kwa vituko: duka lake la Cobblers to the World, King's Road, la mwaka 1972, ngozi za nyoka zilizoungwa viraka vya kila rangi, wateja kama mwanamuziki David Bowie na Bianca Jagger, viatu vya Tim Curry wa filamu ya Rocky Horror. Yote kweli. Kinachonikera ni hadithi inayofuata, eti kijana mmoja alisikia gitaa, akavumbua raizoni. Jamaa alikuwa mtoto wa fundi! Kwao walikuwa na karakana ya viatu, amekulia kwenye harufu ya gundi, na zile kabari zake za ghorofa tatu (kabari ni soli iliyojaa kuanzia kisigino hadi mbele) zilizompa jina zilitokana na kiatu cha miaka ya 1940 cha baba yake mzazi. Yeye alibadilisha nguo. Mifupa ilikuwa ya mzee.

Na usidhani kuvisha ni kazi ndogo. Ngozi ya nyoka ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na upana haina. Lazima uitie kitambaa nyuma kwanza, na ukiivuta kwenye foroma, kile kigogo cha umbo la mguu, kwa nguvu ya ngozi ya ng'ombe, inapasuka pale pale panapoonekana. Mimi nimeshaharibu vipande viwili, sijarudia.

Mzee naye hakuwa wa kwanza. Mussolini alipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Italia ikawekewa vikwazo, na chuma kizuri kikaadimika, kile cha kibamba kinacholala tumboni mwa soli ili kiatu kisivunjike kati ya kisigino na vidole. Salvatore Ferragamo, fundi wa Florence, akaijaza nafasi yote kwa gamba la mti lile la kuzibia chupa. Kabari haitaki kibamba, maana hakuna daraja la kushikilia. Mwaka 1938 akamtengenezea Judy Garland, mwigizaji wa Hollywood, viatu vya soli za namna hiyo, rangi za upinde wa mvua. Mabibi wa Venice wa karne ya 16, waliopanda soli za karibu nusu mita, tuwaache leo. Ila gitaa sijaliona popote humu.

Sasa niseme linalonisumbua mwenyewe. Hesabu ya mteremko ni sahihi, lakini mguu si hesabu. Soli nene haipindi. Ukitembea, vidole vinataka kukunjwa, soli inakataa. Dawa yake ni kuinua pua ya kiatu, kibingirike badala ya kukunjika. Kiinuke kiasi gani? Aliyenifundisha alisema upana wa kidole. Nimefuata kidole hicho miaka yote. Jozi nyingine zikatembea kama mtumbwi kwenye maji tulivu, moja ikamwangusha mwenyewe ngazini. Halafu kuna kifundo. Ukikanyaga jiwe, soli nene haikuambii mpaka umeshapinduka. Kwa hiyo nikisema raizoni ni ya huruma kuliko mchuchumio, nazungumzia sakafu ya ukumbi. Kwa vichochoro vya Kariakoo siahidi kitu.

Terry alifariki mwaka 2019, ana miaka 81. Raizoni zilipopitwa alihamia viatu vya pua kali, zikarudi naye akarudi nazo. Fundi hasusi.

Dada aliondoka na viatu vyake bila kuchongwa. Nilimtilia sponji ndani, basi. Juzi karudi.

"Fundi, na kisigino je, kinapunguzika?"

Hicho kinapunguzika, dada. Sentimita moja, moja na nusu nikijikaza. Zaidi ya hapo pua itatazama juu, na utaniletea tena.