Mungu Asiye na wa Kumsingizia

Msiba wa Kikristo siku hizi haukosi wasemaji wawili. Wa kwanza anashika kipaza sauti na kusema, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe." Watu wanaitikia amina. Wa pili anasimama, ananguruma kwamba Shetani ni mwizi, ametuibia kijana wetu, Mungu hahusiki hata chembe. Watu ni wale wale, na amina ya safari hii ni kubwa zaidi. Hakuna anayegeuka kumtazama mwenzake na kuuliza, jamani, tumeshakubaliana ni nani aliyemchukua?

Nafundisha Agano la Kale. Na mfiwa sina ugomvi. Mfiwa aseme lolote litakalomsogeza hadi kesho. Ugomvi wangu ni na mhubiri ambaye akishaondoka makaburini ananieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba "Mungu wa Biblia ni mmoja tu, ndiyo maana mabaya hayawezi kutoka kwake." Nimeshaisikia mara nyingi mno, na kinachonichoma ni hiyo "ndiyo maana." Manabii wa Israeli waliipeleka upande wa pili kabisa: Mungu ni mmoja tu, ndiyo maana mabaya hayana pengine pa kutoka.

Aya zenyewe ziko wazi, nitazipitia mbio. Amosi 3:6 anauliza kama mji unaweza kupatwa na hali mbaya asiyoileta Bwana. Hana, mama yake Samweli, anaimba kwamba Bwana huua na kuhuisha. Kumbukumbu la Torati 32:39 linayasema yote mawili kwa pumzi moja: hapana mungu mwingine ila Mimi, naua Mimi, nahuisha Mimi. Halafu iko Isaya 45:7, aya ambayo bado sijaiona nyuma ya daladala: "Mimi naiumba nuru, na kulihuluku giza, mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya." Zile za juu yake, ya tano na ya sita, zinapendwa sana. Mimi ni Bwana, wala hapana mwingine! Hizo zinachapwa mpaka kwenye fulana. Watu wanasoma hadi ya sita, wanafunga kitabu, wanakwenda kula.

Anayetaka kuona madai haya yanavyofanya kazi aende kwenye gharika. Babeli walikuwa na gharika yao, imeandikwa kwenye vibao vya udongo vya karne ya 17 KK. Humo mungu Enlil amechoshwa na kelele za wanadamu, usingizi haupati. Anajaribu tauni, anajaribu njaa, mwisho anaamua maji. Lakini yupo mungu mwingine, Enki, ambaye hakuupenda uamuzi ule. Anakwenda kunong'ona kwenye ukuta wa matete ili mtu wake, Atrahasis, asikie na kuunda chombo. Maji yakiisha, miungu ambao walikuwa wamekaa na njaa kwa kukosa sadaka wanainusa harufu ya chakula na kuizunguka kama nzi, kisha wanaanza kugombana kuhusu nani alivujisha siri. Ni hadithi tamu, na ni rahisi kuisimulia: yupo mkali, yupo mpole, na msikilizaji anajua amlaumu nani na amshukuru nani.

Mwandishi wa Mwanzo hana anasa hiyo. Anaye mmoja tu. Anayeamua kufuta kila chenye pumzi na anayemwambia Nuhu atengeneze safina ni yule yule, na hata mlango wa safina anaufunga yeye. Ugomvi wa Enlil na Enki umehamia ndani ya moyo mmoja, ndiyo sababu tunasoma katika 6:6 kwamba Bwana alighairi kumfanya mwanadamu na kuhuzunika. Sasa ruka mpaka 8:21. Anaapa hatarudia tena, kwa kuwa mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Hiyo ndiyo sababu ile ile iliyoleta maji! Mwanadamu hakubadilika hata kidogo. Aliyebadili msimamo ni Mungu, na ushahidi uliomhukumu mwanadamu katika sura ya 6 ndio unaomwachia katika sura ya 8. Kila nikifika hapa yupo mwanafunzi anayetaka niilainishe. Siilainishi.

Sasa nije kwenye sensa ya Daudi, maana hapa ndipo wahubiri wangu hukimbilia. "Mwalimu, 1 Mambo ya Nyakati 21:1 inasema ni Shetani aliyemshawishi Daudi awahesabu Israeli." Inasema hivyo, sikatai. Naomba tu tufungue na 2 Samweli 24:1, tukio lile lile, mfalme yule yule. Pale hasira ya Bwana inawaka juu ya Israeli, naye Bwana mwenyewe anamtia Daudi nia ya kuwahesabu. Kisha Bwana huyo huyo anamwadhibu kwa kuhesabu. Yoabu, jemadari wa Daudi, mtu aliyemuua Abneri na Amasa bila kupepesa jicho, ndiye anayejaribu kumzuia mfalme. Ukiona Yoabu ndiye mwenye dhamiri, jua sura ni ngumu. Kuhesabu kunachukua miezi tisa na siku 20. Nabii Gadi anakuja na adhabu tatu za kuchagua, tauni inapiga, watu 70,000 wanakufa toka Dani mpaka Beer-sheba, na malaika anaponyosha mkono juu ya Yerusalemu, Bwana anasema basi. Daudi ananunua uwanja wa kupuria wa Arauna pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha, anajenga madhabahu.

Mwandishi wa Nyakati, aliyeandika baada ya uhamisho wa Babeli, aliisoma sura ile kama tunavyoisoma sisi, akatoka jasho. Akambadilisha mshawishi. Hilo halina ubishi, na nampa mhubiri haki yake: ndani ya Biblia yenyewe kuna mtu aliyeona mzigo ule umezidi. Lakini angalia kilichobaki. Tauni ni ya Bwana. Malaika ni wa Bwana, tena huku Nyakati anaonekana kati ya nchi na mbingu, upanga mkononi. Anayemwambia malaika arudishe mkono ni Bwana. Na Shetani? Baada ya aya ya kwanza haonekani tena. Mwandishi wa Nyakati alimhitaji kwa aya moja tu. Sisi tumempa mkataba wa kudumu, na nyumba ya kuishi.

Hata kuhusu aya hiyo moja, wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba huyo "Shetani" (neno lenyewe kwa Kiebrania maana yake ni mpinzani) ni adui tu wa kibinadamu, mfalme jirani anayetishia vita, kwa hiyo Daudi akataka kujua idadi ya askari. Mimi nayumba. Nikisoma Zekaria 3 naona mshitaki wa mbinguni. Nikirudi kwenye sensa, hoja ya adui wa kawaida inanivuta. Kitu ambacho sikioni, upande wowote ule, ni nguvu ya pili inayogawana dunia na Mungu. Kwa Ayubu ni hivyo hivyo. Shetani anakuja pamoja na wana wa Mungu, anaomba ruhusa, anapewa mipaka, na baada ya sura ya 2 hatajwi tena. Ndugu za Ayubu wanapokuja kumfariji mwishoni, 42:11, msimulizi anasema waziwazi kwamba mateso yale aliyaleta Bwana. Msimulizi, aliyekuwapo tangu sura ya kwanza na anayejua kila kitu!

Najua atakayelirukia jambo hili kutoka upande wa pili: basi kila ajali ni adhabu, kila mgonjwa ana dhambi aliyoificha. Huyo akasome 42:7, ambapo marafiki wa Ayubu wanaambiwa hawakunena yaliyo sawa. Kusema kwamba jambo limetoka kwa Mungu hakukupi leseni ya kusema kwa nini. Tunaendelea.

Zaburi 82 ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika somo hili, na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Mungu anasimama katika kusanyiko, katikati ya miungu anahukumu. Ni mahakama, na washitakiwa ni miungu. Kosa lao ni lipi? Wamewapendelea wabaya, wakawaacha maskini, yatima, aliyeonewa na fukara. Misingi ya dunia inatikisika kwa ajili ya hilo. Hukumu inasomwa: nilisema ninyi ni miungu, wana wa Aliye juu, lakini mtakufa kama wanadamu. Halafu mtunga zaburi anapaza sauti: simama, Ee Mungu, uihukumu nchi, maana mataifa yote utayarithi wewe.

Zaburi hii haianzi kwa kusema miungu wengine hawapo. Inawakuta kazini, inawafukuza kazi. Upekee wa Mungu hapa unafikiwa kwa njia ya hukumu, na kipimo cha hukumu ni yatima. Isaya wa Pili (ndivyo wataalamu wanavyomwita mwandishi wa sura za Isaya kuanzia ya 40) ndiye atakayekuja kusema kwa ukali kwamba hao wengine si kitu. Zaburi 82 inasema wameshindwa.

Wafafanuzi wengi, kwa kuogopa, wamewageuza hao miungu kuwa mahakimu wa kibinadamu. Tafadhali. Hukumu yenyewe ni "mtakufa kama wanadamu." Mtishe mkulima wa Dodoma kwamba atakufa kama mwanadamu, atakuuliza ulitegemea afe kama nani. (Ndiyo, nimesoma Yohana 10:34. Yesu aliitumia aya ile kwa hoja yake mbele ya watu waliookota mawe. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Wakishaondoka wale wengine, yule aliyebaki anapimwa kwa kipimo kile kile. Huna mungu wa pili wa kumkatia rufaa. Ibrahimu pale Sodoma analielewa hilo vizuri kuliko maprofesa: anamkatia rufaa Hakimu kwa Hakimu, anamuuliza kama mwenye kuuhukumu ulimwengu wote ataacha kutenda haki, na anashuka naye kutoka 50 hadi 10. Maombolezo ya zaburi, ile "hata lini, Ee Bwana," yana ukali ule kwa sababu hiyo hiyo. Aliyekwisha kumkabidhi Shetani nusu ya matatizo yake hana sababu ya kumlilia Mungu hivyo.

Yerusalemu ilipoanguka karibu na 587 KK na hekalu kuchomwa, maelezo ya kawaida yalikuwa mepesi: Marduki, mungu wa Babeli, kamshinda mungu wa Yuda, funga hesabu. Yeremia alikuwa ameshamwita Nebukadreza mtumishi wa Bwana. Isaya alikuwa ameshaiita Ashuru fimbo ya hasira yake. Kwa hiyo walipofika uhamishoni walikuwa na la kusema: Mungu wetu hakushindwa, amefanya mwenyewe. Ni kauli ya kutisha, na bila hiyo sioni jinsi ambavyo imani ile ingetoka Babeli ikiwa hai.

Sasa sehemu ambayo vitabu vya kufundishia huipitia kimya kimya. Wazo la mungu kuwakasirikia watu wake mwenyewe halikuwa la Israeli peke yao. Mwaka 1868, huko Dhiban ng'ambo ya Yordani, lilipatikana jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, wa karne ya 9 KK. Mesha anaeleza kwa nini Omri wa Israeli aliitesa Moabu siku nyingi: Kemoshi, mungu wa Moabu, aliikasirikia nchi yake. Badilisha jina la mungu, ungedhani unasoma Waamuzi. Na ile silinda ya udongo ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 inasema Marduki, akiwa amechukizwa na Nabonido mfalme wa Babeli, ndiye aliyemchagua Koreshi na kumshika mkono. Isaya 45:1 inasema Bwana ndiye aliyemshika Koreshi mkono wa kuume. Ushindi ni ule mmoja, wa kuiteka Babeli mwaka 539 KK, na kila upande unaudai.

Wanafunzi wakiniuliza tofauti iko wapi, nina jibu ambalo siliamini kwa asilimia zote. Nasema Kemoshi wa kwenye jiwe hasemi amekasirikia nini, wakati Amosi anakutajia hadi jozi ya viatu ambayo maskini aliuzwa kwayo. Lakini ni haki kweli kulilinganisha jiwe moja na maktaba nzima? Nasema pia kwamba makuhani wa Marduki walikuwa na mji, hekalu na mshahara walipoyasema yao, na Isaya wa Pili alikuwa mtu wa taifa lililovunjwa. Mkaidi atanijibu kwamba ndivyo walioshindwa wanavyosema siku zote, na kumnyamazisha sijaweza.

Mesha huyo huyo yumo katika 2 Wafalme 3. Israeli, Yuda na Edomu wamemzingira, Elisha ameshaahidi ushindi, visima vimezibwa na miti imekatwa. Mesha anampandisha mzaliwa wake wa kwanza ukutani na kumtoa sadaka ya kuteketezwa. Na hapo, aya ya 27, inakuja hasira kuu juu ya Israeli, wanaacha mji na kurudi kwao. Ilikuwa hasira ya nani? Ya Kemoshi, mungu ambaye hakutakiwa kuwa na nguvu yoyote? Ya Bwana, aliyekuwa ameahidi kinyume chake? Ya Wamoabu tu, baada ya kuona mtoto akiungua? Vitabu vya ufafanuzi vilivyo kwenye rafu yangu vinagawanyika karibu sawasawa, na mwandishi wa Wafalme, ambaye kwa kawaida hana haya ya kututajia jina la Bwana, hapa hakuandika jina lolote.