Mshale si bomba

"Injinia, hapa umekosea. Maji yanatoka, mbona mshale unaingia?"

Mwanafunzi wa fildi, kidole kimeganda kwenye mchoro wangu wa bloku, visanduku na mishale ya kuonyesha kina cha tangi la maji kinavyodhibitiwa. Ni wa nne mwaka huu, na wote wanne wamenizidi alama za chuo.

Mshale si bomba, jamani. Unasema tu kwamba hiki kinasababisha kile. Mtu akifungua koki jikoni, kina cha tangi kinashuka. Basi matumizi yake ni sababu, na sababu huingia kwenye bloku. Kwenye duara la kujumlisha, pale mishale inapokutana kabla ya bloku, unaweka alama ya kutoa, yamekwisha. Kinachotoka kwenye bloku ya tangi ni kina, namba ambayo sensa inaisoma na kuirudisha kwa kidhibiti, kifaa kinachoamua maji yaingie kiasi gani. Hakuna hata tone la maji pale.

Ningenyamaza kama ubishi huu usingekula muda wa watu. Chukua matangi mawili yanayofanana, kila moja na bomba lake la kutolea, kila moja peke yake likiitikia kwa dakika 10: maji ya kuingia yakibadilika, hizo ndizo dakika za kumaliza asilimia 63 hivi ya safari ya kwenda kina kipya. La juu likimwaga hewani, maji yakaangukia la chini, zidisha bloku mbili, nenda nyumbani. Sasa yaweke yote sakafuni, uyaunganishe kwa bomba huku chini. Anayeona mabomba atachora vilevile: bloku, mshale, bloku. Wapi! La pili likijaa, la kwanza linashindwa kumwaga. Athari inarudi nyuma, nayo inadai mshale wake. Ukiusahau, hesabu inakupa dakika 10 na 10, na tangi la pili linamaliza asilimia 98 ya safari hiyo ndani ya saa moja hivi. Ukiuchora, unapata takriban dakika 26 na 4, na kusubiri kunapita saa moja na dakika 40. Mabomba yaleyale, maji yaleyale.

Nami si msafi. Hizo dakika 10 ni kweli karibu na kina kimoja tu, maana maji kwenye valvu hufuata kipeuo cha pili cha kina, si mstari ulionyooka. Tangi likikaribia kukauka, namba yangu ni uongo. Na bloku moja iishie wapi, nyingine ianzie wapi? Sina kanuni, nachora, nafuta, nachora.

Kijana akakubali, akauacha mshale ulivyo. Kisha: "Na tangi likifurika, unachoraje?"

Bloku zangu zote zinadhani tangi halina ukingo. Nikamwambia twende tukale kwanza.