Mita Nyekundu Si Sifa: Dhana Potofu Kuhusu Levo za Miksi Kabla ya Masteringi

Studio nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mbagala, ni chumba kimoja, kompyuta moja na prodyuza mmoja anayefanya yote: anatengeneza biti, anarekodi vokali, anamiksi. Kazi ikitoka hapo kwenda kwa mtu wa masteringi, yule anayeipa miksi mkono wa mwisho kabla wimbo haujatoka, mara nyingi inafika imeshabanwa kiasi kwamba hana tena cha kufanya. Inaniuma, kwa sababu biti huwa kali na mwimbaji ameimba kwa moyo. Kinachoziangusha ni imani chache ambazo watu wamerithishana bila kuzipima.

Kubwa kuliko zote ni kwamba miksi lazima igonge juu kabisa, la sivyo ubora unapotea. Enzi za tepu, jambo hili lilikuwa na maana. Tepu za reli, kama zile ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodia bendi za dansi, zina mvumo wake wa chini usiokatika. Ukirekodi kwa sauti ndogo, muziki unazama humo. Tena tepu ikizidiwa kidogo haipasuki ghafla, inalainisha vilele, yaani pale sauti inapofika juu zaidi, taratibu. Dijitali iko tofauti kabisa. Juu kuna dari moja, sifuri, pale mita inapowaka nyekundu, na faili la biti 16 au 24 (hapa biti ni tarakimu za kompyuta, si mdundo) halina namba ya kuandika kinachozidi hapo. Wimbi linakatwa kichwa. Chini, nafasi ni tele. Kila biti inabeba takribani desibeli 6, kwa hiyo biti 24 ni kama desibeli 144. Vilele vyako vikiishia -12, yaani desibeli 12 chini ya dari, umeacha biti 2 tu bila kuzitumia. Zinabaki 22, yaani desibeli 132 hivi. CD ina 96. Chumba cha Kinondoni chenye feni ndani na bodaboda nje hakitakuwa kimya kiasi cha kukufanya uzililie hizo 2.

Wengine wameshalisikia hilo, wakaligeuza kuwa sheria nyingine: "Vilele viwe -6, basi umemaliza." Hiyo -6 ni namba ya kuelekeza tu, inayompa mtu wa masteringi nafasi ya kufanya kazi bila kugusa dari. Ukimpelekea -3 au -9 hakuna kilichoharibika, atapandisha au kushusha mwenyewe. Hatari ni pale prodyuza anapoacha limita (kifaa kinachobana sauti isivuke kiwango) ikikandamiza masta (chaneli ya mwisho ambako traki zote hukutana), kisha anashusha faili lote hadi -6 na kuamini kwamba ametoa nafasi. Kiki na snea, zile ngoma za mdundo, zikishasawazishwa na limita hazirudishi nguvu ya pigo lake kwa kushushwa sauti. Mita itasoma vizuri, masikio hayatadanganyika. Kama unatumia FL Studio, kagua masta kabla ya kuanza, maana baadhi ya templeti zake huja na limita ikiwa tayari imewekwa.

Kwenye singeli ndipo hoja hii inaponigusa zaidi. Utasikia: "Singeli lazima ipasuke." Nakubali nusu. Mpasuko wa kinanda au kiki ulioupanga mwenyewe ni sehemu ya ladha ya muziki huu wa uswahilini, na asiyeuelewa asiuguse. Lakini miksi nzima ikipasuka kwenye masta, sauti ya MC nayo inapasuka, na maneno yanapotea. Halafu kuna suala la mwendo. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika. Kwenye 240, pigo hadi pigo ni milisekunde 250. Limita uliyoipa milisekunde 300 za kuachia, yaani kulegea baada ya kubana, haijaachia vizuri kabla kiki nyingine haijafika. Inakaa imebana muda wote, na wimbo unaokimbia unasikika umechoka. Weka mpasuko kwenye traki yake, uache masta ipumue.

Kuna na hii: "Kwani programu si inatumia flouti ya biti 32? Nyekundu haina shida." Flouti ni namna ya kuandika namba inayoweza kuvuka sifuri. Ndani ya programu ni kweli: traki ikivuka sifuri, namba bado zipo, ukishusha masta zinarudi salama. Ila ukitoa faili la biti 24 huku masta ikiwa imevuka, linakatwa. Kadi ya sauti nayo inakata unaposikiliza, kwa hiyo unafanya maamuzi juu ya sauti ambayo si ya miksi yako. Tena plagini (programu ndogo za kuongezea) nyingi zinazoiga mashine za analogi zimepimwa kwa levo ya wastani karibu na -18. Ukiziingizia sauti kubwa mno zinatia mpasuko hapohapo, na feda ya masta, kile kitelezi cha sauti, haitaufuta. Punguza geini, yaani ukubwa wa sauti inayoingia, mwanzoni mwa traki.

Ile ya "wimbo wangu utasikika mdogo mtandaoni" naijibu kwa ufupi: Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na YouTube hushusha zilizozidi. Uliyoibana sana inashushwa, na yale mapigo uliyoyaua hayafufuki.

Inabaki kesi ngumu kuliko zote, mteja aliyekaa nyuma yako. Anacheza wimbo uliokwishatoka kwenye simu, kisha miksi yako, anasema yako haina nguvu. Hasemi uongo. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo chenye sauti kubwa karibu kila mara kinaonekana kizuri zaidi. Shusha ule wa simu hadi ulingane na wako, halafu mlinganishe tena mbele yake. Akitaka nakala ya kusikiliza kwenye gari, mtolee yenye limita, uiite "ya kusikiliza". Ya masteringi itoke bila limita hiyo, bila nomalaizi (kupandisha faili lote hadi kilele kikaribie dari), WAV ya biti 24 au ya flouti 32, kwa sampo reti (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde) ileile ya projekti. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ambatanisha na ile ya kusikiliza pia, ili mtu wa masteringi ajue mteja ameshazoea kusikia nini.