Je, wajua kwa nini Ufaransa haijui ina watu weusi wangapi?

Mwulize ofisa wa takwimu wa London kuna watu weusi wangapi Uingereza, atakufungulia jedwali. Sensa yao inauliza asili ya mtu tangu 1991. Vuka bahari uende Paris uulize lilelile, utarudi mikono mitupu. Fomu ya sensa ya Ufaransa inataka umri, kazi, uraia na mahali ulipozaliwa. Rangi haimo.

Chanzo chake ni masanduku ya kadi. Mwaka 1940, Ujerumani ilipoikalia Ufaransa, Wayahudi wa Paris waliamriwa wakajiandikishe polisi. Kila jina likapata kadi yake, na anwani juu yake. Julai 1942 polisi, tena Wafaransa wenyewe, walizichukua kadi hizo wakapita nazo mlango kwa mlango. Kwa siku mbili walikamata watu karibu 13,000, wakiwamo watoto zaidi ya 4,000, na wengi wao waliishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Aliyeshuhudia hayo hawezi tena kuitazama fomu ya serikali kwa jicho lilelile.

Ndiyo maana Katiba ya 1958 inasema raia wote ni sawa bila kujali asili, rangi wala dini, na sheria ya 1978 ikazuia, isipokuwa kwa masharti maalumu, kukusanya taarifa za rangi ya mtu. Mwaka 2007 Baraza la Katiba likakaza fundo zaidi: hata utafiti wa kupima ubaguzi usijengwe juu ya rangi au kabila.

Nia ilikuwa njema, ila tahadhari ikageuka mwiko. Kwetu wazee hawataji nyoka usiku, husema "kamba". Wafaransa nao wana kamba zao. Wanasiasa na watangazaji husema "vijana wa vitongojini", na kila msikilizaji anajua ni vijana wa rangi gani. Wengine wakitaka kusema mtu mweusi huazima neno la Kiingereza, black, kana kwamba lile la kwao linaunguza ulimi. Mwaka 2018 wabunge walipiga kura hata neno "rangi" lenyewe lifutwe kwenye Katiba. Mageuzi hayo yalikwama njiani, neno likabaki.

Mwaka huohuo Ufaransa ilitwaa Kombe la Dunia, na mchekeshaji wa Afrika Kusini, Trevor Noah, akatania kwenye televisheni ya Marekani kwamba Afrika ndiyo imeshinda, kwa kuwa wachezaji wengi wa timu hiyo wana asili ya Afrika. Balozi wa Ufaransa mjini Washington akamwandikia barua: kuwaita wachezaji Waafrika ni kuwanyang'anya Ufaransa wao. Noah akaisoma mbele ya watazamaji wake, akauliza kwa nini mtu asiwe vyote viwili. Mimi niko upande wa Noah, ingawa balozi hakuwa mjinga. Wabaguzi wa Ufaransa nao huwaita wachezaji haohao Waafrika, wakiwa na maana ya "rudini kwenu".

Sasa utapimaje usichoruhusiwa kuhesabu? Taasisi ya umma inayotetea haki za raia ilipata mlango wa nyuma. Katika utafiti iliouchapisha 2017, watu hawakuulizwa wao ni nani, bali wanadhani wengine wanawaonaje. Vijana wa kiume wanaoonekana Waarabu au weusi walikutwa na uwezekano mara 20 zaidi wa kusimamishwa na polisi kukaguliwa vitambulisho. Hata hivyo, Juni 2023 polisi walipomuua kwa risasi kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Algeria huko Nanterre, karibu na Paris, na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaitaka Ufaransa ishughulikie ubaguzi ndani ya jeshi lake la polisi, wizara ya mambo ya nje ilijibu kwamba tuhuma hizo hazina msingi wowote.

Marseille, mji wenye Wangazija wengi mno, kuna mfano wa jirani zetu kabisa. Februari 1995 Ibrahim Ali, miaka 17, mwenye asili ya Komoro, alikuwa akikimbilia basi na wenzake akitoka kwenye mazoezi ya muziki. Wabandika mabango wa Front National, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, walimpiga risasi ya mgongoni. Ndugu na marafiki zake waliomba barabara ya pale ipewe jina lake. Uongozi wa mji ukawa unawazungusha mwaka baada ya mwaka. Kibao kilisimikwa Februari 2021.