Neno "usonji" kwenye ripoti ya mtoto: linachosema na lisichosema

Mzazi akikabidhiwa ripoti ya tathmini, macho huruka kurasa zote na kutua kwenye mstari mmoja: usonji (kwa Kiingereza, autism). Kurasa nyingine, zenye maelezo ya namna mtoto anavyoomba maji, anavyocheza na anavyolala, huishia kwenye droo. Naona hapo ndipo mengi yanapoharibikia, maana neno lile likiwa peke yake lina habari kidogo mno.

Tuanze na namna linavyofikiwa. Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Vipimo vya vinasaba vikifanywa, vinatafuta chanzo au hali inayoandamana nao. Haviwezi kuthibitisha wala kukanusha usonji wenyewe. Mtaalamu huuliza historia ya makuzi, humwangalia mtoto akicheza na kuhusiana na watu, kisha hulinganisha na vigezo. Kwa vigezo vya DSM-5, toleo la tano la kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani, lililotoka mwaka 2013, mtoto lazima awe na ugumu katika maeneo yote 3 ya mawasiliano ya kijamii: kupokezana mazungumzo na hisia, kutumia na kuelewa ishara za uso na mwili, na kujenga uhusiano na wenzake. Juu ya hayo awe na angalau mambo 2 kati ya 4: mienendo au maneno yanayojirudia, kung'ang'ania utaratibu uleule, kuzama mno katika jambo moja, na hisi zinazopokea sauti, mguso au mwanga kupita kiasi au pungufu. Dalili ziwe zilianza mapema utotoni, na ziwe zinamkwamisha katika maisha ya kila siku. Anayetamka "usonji" baada ya kumtazama mtoto dakika 10 amebahatisha, hata kama amepatia.

Kwa hiyo neno hili ni muhtasari wa yaliyoonekana. Halielezi kwa nini yapo. Ukiuliza kwa nini mtoto anaziba masikio ukajibiwa "kwa sababu ana usonji", kisha ukauliza wamejuaje ana usonji ukajibiwa "kwa sababu anaziba masikio", umezungushwa tu. Swali lenye faida ni sauti ipi, ya kiasi gani, saa ngapi, na nini humtuliza.

Mipaka ya neno lenyewe imehamahama. Daktari Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 wa namna hii mwaka 1943 huko Baltimore, Marekani. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger akaandika kutoka Vienna juu ya watoto wengine waliokuwa wakiongea vizuri. Usonji wa utotoni uliingia DSM kama hali inayojitegemea mwaka 1980, hali iliyopewa jina la Asperger ikaongezwa 1994, kisha mwaka 2013 yote yakaunganishwa kuwa wigo mmoja. ICD-11, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, umefuata njia hiyohiyo. Mtoto aliyeitwa "Asperger" mwaka 2012 na "usonji" mwaka 2014 hakubadilika unywele.

Jambo hili linasaidia kusoma takwimu zinazotisha watu. Marekani, katika maeneo yanayofuatiliwa, walihesabu mtoto 1 kati ya 150 wenye umri wa miaka 8 mwaka 2000, na 1 kati ya 31 mwaka 2022. Wengi wanaona mlipuko wa ugonjwa. Sehemu kubwa ya ongezeko inatokana na vigezo kupanuliwa, uchunguzi wa awali kufanywa kwa watoto wengi zaidi, na wale waliokuwa wakiandikwa "ulemavu wa akili" au kutoandikwa kitu chochote kuhesabiwa sasa. Kama kuna kinachobaki baada ya kuondoa hayo, watafiti bado wanajadiliana. Ila kuchukua namba hizo mbili na kuzipachika juu ya kisingizio chochote kilichoongezeka tangu 2000 ni uvivu wa kufikiri.

Kisingizio kinachopendwa zaidi ni chanjo. Makala ya 1998 katika jarida la Lancet iliyozua hofu juu ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ilihusu watoto 12. Jarida liliifuta 2010, na mwandishi wake mkuu akafutwa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Utafiti wa Denmark uliotoka 2019 ulifuatilia watoto 657,461, na waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Mzazi anayesema "alibadilika baada ya chanjo" hasemi uongo. Dalili huanza kuonekana wazi kati ya miezi 12 na 24, na baadhi ya watoto hupoteza maneno waliyokuwa nayo katika kipindi hicho, ambacho ndicho cha chanjo. Lakini watafiti walipotazama video za sherehe za mwaka wa kwanza wa watoto waliokuja kutambuliwa baadaye, tofauti tayari ilikuwepo: wengi hawakugeuka walipoitwa jina, wala hawakunyoosha kidole kuonyesha kitu.

Simu na televisheni nazo husingiziwa. Mtoto anayekaa mbele ya kioo saa nyingi hukosa mazungumzo, na lugha yake inaweza kuchelewa. Punguza, hilo halina ubishi. Ila "usonji wa simu" haupo katika DSM wala ICD, na madhara yake ni kwamba mzazi huzima simu, husubiri miezi 6 aone, na miezi 6 katika umri wa miaka 2 ni mingi. Dai la zamani kwamba mama asiye na upendo ndiye chanzo lilikwishatupwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha mchango mkubwa wa urithi, na mtoto mwenye kaka au dada mwenye usonji ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 5 wa kuwa nao.

Sasa kidole. Nakitaja tena kwa sababu hakuna dalili inayoeleweka vibaya kama hii. Mzazi akiulizwa "ananyoosha kidole?" hujibu ndiyo, kwa kuwa mtoto huelekeza kidole kwenye biskuti anayoitaka. Huko ni kuomba. Tunachotafuta zaidi ni kuonyesha: ndege amepita, mtoto ananyoosha kidole juu, anageuka kumtazama mama usoni, kisha anarudi kwa ndege. Hataki apewe ndege. Anataka waone pamoja. Mtoto mwingine hufika kwenye chupa asiyoweza kuifungua, hushika kifundo cha mkono wa mama, huuweka mkono juu ya kifuniko na kusubiri, macho yote kwenye kifuniko. Mkono umetumika kama chombo. Tukio moja halithibitishi kitu, ila likijirudia kila siku kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, lina uzito kuliko idadi ya maneno anayotamka.

Vivyo hivyo macho. "Ananitazama, basi hana usonji" si kweli, na "hatazami, basi anao" si kweli pia. Wapo wanaotazama vizuri na kukwama pengine, wapo wanaotazama pembeni ili wasikie vizuri zaidi. Kumlazimisha mtoto "niangalie!" kabla ya kila agizo humchosha bure.

Kuhusu dodoso la M-CHAT-R ambalo wazazi hulijaza wenyewe mtandaoni: lina maswali 20, ni la miezi 16 hadi 30, na ni chujio tu. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 ya kati, 8 na kuendelea kubwa. Kosa la kawaida ni kuruka hatua ya pili. Mzazi wa mtoto wa alama 3 hadi 7 anapaswa kuhojiwa tena, kwa mahojiano yanayochimba kila jibu lililoashiria hatari, na baada ya hapo alama 2 au zaidi ndizo zinazompeleka mtoto kwenye tathmini kamili. Katika utafiti mkubwa wa dodoso hilo, karibu nusu ya waliobaki na alama za hatari baada ya mahojiano walikutwa na usonji, lakini zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa na ucheleweshaji fulani au jambo la kufuatilia kimakuzi. Kwa hiyo "dodoso lilikosea" ni nadra kumaanisha kwamba mtoto hahitaji msaada. Na kabla ya lolote, pima masikio kitaalamu. Kupiga makofi nyuma ya mtoto si kipimo. Asiyekubali vifaa vya kichwani anaweza kupimwa mwitikio wa neva za usikivu akiwa amelala.

Turudi kwenye ripoti. Mara nyingi utakuta "kiwango cha 2". Viwango vya DSM-5 ni vya msaada unaohitajika: 1 anahitaji msaada, 2 msaada mkubwa, 3 msaada mkubwa sana. Vinatakiwa kutolewa viwili, kimoja kwa mawasiliano ya kijamii na kingine kwa mienendo inayojirudia, na kitabu chenyewe kinakiri kuwa hubadilika kwa mazingira na kwa muda. Namba moja iliyosimama peke yake imefuta nusu ya habari. Watu pia huisoma kama kipimo cha akili. Akili inapimwa kando, na kwa mtoto asiyeongea inapimwa kwa majaribio yasiyotegemea maneno. Ukimpa ya maneno umepima usemi wake. Katika ule ufuatiliaji wa Marekani wa watoto wa miaka 8, watoto wenye usonji ambao pia wana ulemavu wa akili ni takriban 4 kati ya 10. Wengi hawana. Na wenye vipaji vya ajabu kama wa kwenye sinema ni wachache; mzazi asianze kutafuta kipaji kana kwamba mtoto anadaiwa fidia.

ICD-11 inataka utambuzi useme wazi mambo mawili: kama kuna ulemavu wa akili, na kiasi cha lugha anayoweza kuitumia. Ripoti isiyo na sentensi hizo mbili irudishwe. Hakuna ubaya kuomba.

Madhara ya lebo ninayoyaona kuwa mabaya zaidi hayazungumzwi sana, nayo ni ya kitabibu. Mtoto ameanza kujipiga shavu la kushoto. Kwa mtoto mwingine tungefungua mdomo tuangalie meno. Kwa huyu husemwa "usonji wake umezidi", na jino bovu linakaa miezi. Mabadiliko ya ghafla ya tabia kwa mtoto mwenye usonji yachukuliwe kuwa ni ya maumivu mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo: meno, masikio, koo, kufunga choo, kiungulia, mkojo unaochoma. Kufunga choo hujificha, kwani anaweza kuchafua nguo kidogokidogo kila siku na watu wakadhani anaharisha, kumbe ni choo laini kinachopenya pembeni ya kigumu. Kukodoa na kutoitika kwa sekunde kadhaa kunaweza kuwa kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine; rekodi video, mpelekee daktari. Anayekula vyakula 4 tu apimwe damu na vitamini. "Ndivyo walivyo" si utambuzi wa kitabibu.

Madhara ya pili ni matarajio kushuka. Shule ikisoma lebo, mtoto huondolewa hesabu akapewa rangi za kupaka. Nyumbani huacha kuombwa achukue kikombe chake. Mtoto asiyeongea hunyimwa picha au kifaa cha kuongelea kwa hofu kwamba "atavivia kuongea". Tafiti hazijaonyesha hivyo, na baadhi ya watoto huongeza maneno.

Hata hivyo wanaosema "tusimpe jina, atanyanyapaliwa" wanasahau kwamba mtoto asiye na jina hili hupewa mengine bure: mkaidi, mtukutu, mdeko, mjeuri. Wasichana huumia zaidi hapa. Wengi huiga wenzao, hukaa kimya darasani mchana kutwa, kisha huvurugikiwa wakifika nyumbani, na mwalimu huapa kwamba hana tatizo. Uwiano wa wavulana 4 kwa msichana 1 uliozoeleka hushuka kukaribia 3 kwa 1 watafiti wanapowatafuta watoto wenyewe katika jamii badala ya kuwahesabu walioletwa kliniki.

Kwa mwalimu, usipeleke ripoti ya kurasa 15. Peleka ukurasa mmoja: anavyoomba kitu na anavyokataa, sauti au mguso unaomvuruga na kinachomtuliza, dalili kwamba anakaribia kulemewa, mfano kuanza kutembea huku na huko au kurudia sentensi moja, na mambo 3 anayoyaweza vizuri. Agizo litolewe moja moja, kisha mwalimu anyamaze na kuhesabu hadi 10 kabla ya kurudia. Wengi hurudia baada ya sekunde 2, na kila kurudia humwanzisha mtoto upya. Kama hukimbilia nje au hupenda maji, hilo liandikwe juu kabisa, kwa sababu kuzama majini ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya ajali kwa watoto hawa.

Mtoto mwenyewe aambiwe lini? Akianza kuuliza kwa nini anatolewa darasani au kwa nini wenzake hawafanyi kama yeye, muda umefika. Anza na anachokijua: "masikio yako husikia feni ambayo sisi hatuisikii, ndiyo maana unachoka." Jina lije baadaye, siku ya kawaida isiyo na ugomvi. Lisitumike kamwe mbele yake kuombea radhi kwa mgeni.

Na tarehe ya ripoti iangaliwe. Iliyoandikwa akiwa na miaka 3 haimwelezi mtoto wa miaka 7. Omba tathmini ya lugha na ya stadi za kila siku irudiwe kabla ya kuanza shule na kila anapobadilisha ngazi. Jina linaweza kubaki lilelile. Kurasa zinazolifuata ndizo zinazochakaa.